Kuongoza kundi kwa miguu kutoka Stesheni ya Kampala hadi Mengo: mwongozo kamili

Kila baada ya wiki chache napata ujumbe wa aina moja: "Tulianza watu ishirini na tano stesheni, tumefika Old Kampala tisa." Wengine wamenaswa na maduka ya viatu, wengine wamechoka wakapanda boda boda bila kuaga, na kuna mmoja amebaki nyuma akibishana na mlinzi kwa sababu ya picha.

Njia yenyewe si ngumu. Haizidi kilomita sita, na mtu mmoja akiwa na haraka anaimaliza kwa saa moja na nusu. Kinachowashinda wengi ni kundi, kwa hiyo nitaeleza zaidi namna ya kulishika kundi kuliko historia ya mji. Historia utaikuta njiani, kila kipande mahali pake.

Kanuni inayobeba mwongozo huu nimeichukua relini. Dereva hukaa mbele ya treni, lakini treni haiondoki stesheni mpaka gadi aliye behewa la mwisho apeperushe bendera ya kijani. Kundi lako nalo liwe na gadi. Wewe unayetangulia hutasogea hatua moja kabla yeye hajakuruhusu.

## Vitu vya kuandaa

- Watu wasiozidi kumi na wanane. Wakizidi hapo, wa nyuma hawasikii, na asiyesikia huanza kutazama maduka.
- Gadi mmoja, mtu mzima mwenye subira, asiyependa kuongea sana.
- Vitambaa viwili kwa ajili yake, cha kijani na chekundu, na filimbi moja.
- Jaketi mbili za kuakisi mwanga, moja yako na moja ya gadi.
- Orodha ya majina na namba za simu, kwenye karatasi. Simu huishiwa chaji.
- Barua ya idhini na kitambulisho cha taifa.
- Noti ndogo ndogo na sarafu, kwa choo, maji na teksi ya kurudi.
- Leso au mitandio ya akiba kwa ajili ya msikiti, na soksi kwa wasiopenda kukanyaga sakafu kwa miguu mitupu.
- Chupa ya maji kwa kila mtu, plasta, dawa ya kusafishia kidonda.
- Kamba iliyokatwa mita moja kamili. Utaiona kazi yake stesheni.

Mavazi yanahitaji neno la ziada. Msivae sare ya fulana za njano, nyekundu wala buluu, maana Uganda rangi hizo zinasoma kama vyama, na kundi la watu kumi na wanane wenye rangi moja barabarani litaulizwa linaandamana kwa nini. Nguo za madoadoa ya kijeshi haziruhusiwi kwa raia kabisa, na bereti nyekundu iache nyumbani. Waambie watu mapema, kwa maandishi.

## Hatua ya 1: Idhini, wiki mbili kabla

Peleka barua ofisi za Shirika la Reli la Uganda, Barabara ya Nasser. Andika tarehe, saa, idadi ya watu, na sentensi moja inayosema wazi kama mtapiga picha. Watu wengi husahau sentensi hiyo, na hapo ndipo siku inapoharibikia. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, nilikuwa na barua ya kutembea tu. Mwenzetu mmoja alitoa kamera mbele ya jengo fulani na tukasimamishwa karibu saa mbili. Mlinzi hakuwa na kosa. Karatasi yangu ndiyo iliyokuwa pungufu.

Halafu toa taarifa kituo cha polisi cha eneo mnaloanzia. Tangu ilipotungwa sheria ya mwaka 2013 ya mikusanyiko ya watu, askari wengi wakiona kundi hufikiria mambo ya siasa kwanza. Ukiwa umetangulia kusema, jibu lako ni fupi: "Jambo afande, tulileta taarifa Jumatano, nakala hii hapa."

Kwa Kisenyi, mtaa mtakaoupita, mtafute mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Usipige simu, nenda. Mkae, mwongee, mweleze mnapita kuangalia nini. Mara nyingi atakupa kijana wa mtaa wa kutembea nanyi, na kijana huyo anafaa kuliko ramani yoyote. Mlipe kwa heshima.

Utajua umefanikiwa ukiwa na karatasi mbili mkononi na jina la mwenyekiti kichwani.

## Hatua ya 2: Pita peke yako kwanza

Pita njia nzima siku ile ile ya wiki na saa ile ile utakayoleta kundi. Barabara ya Kampala ya Jumamosi saa tano si ile ya Jumapili saa mbili asubuhi. Andika mahali penye kivuli, vyoo, na ukuta mpana ambao watu kumi na wanane wanaweza kusimama bila kuziba njia ya wapita njia.

Napendekeza Jumapili asubuhi. Shata za maduka zimefungwa, magari ni machache, macho ya watu yanapanda juu kwenye kuta badala ya kubaki kwenye bidhaa. Ijumaa epuka, msikiti una shughuli zake. Na kama ni Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba, hesabu kwamba mvua inaweza kuwakuta. Ndiyo maana tunaanza mapema.

## Hatua ya 3: Mkutano wa saa moja asubuhi

Tangaza saa moja kamili, ondoka saa moja na nusu. Usiseme saa mbili ukidhani utawahurumia. Wa Kireka na wa Ntinda watafika saa tatu, na jua litawapata mkipanda mlima.

Hesabu watu kwa sauti, kila mmoja ataje namba yake: moja, mbili, tatu. Namba hiyo ni yake mpaka jioni. Kila kituo mtahesabu hivyo hivyo, na ukimya kati ya sita na nane unakuambia papo hapo nani hayupo.

Mtambulishe gadi mbele ya wote. Eleza ishara tatu: kijani, tunaondoka; chekundu, wote simama; filimbi, rudini kwa gadi. Wafanyisheni zoezi mara mbili, hata kama wanacheka. Mwisho sema sheria moja: anayetaka kuacha matembezi anamuaga gadi kwanza. Haombi ruhusa, anaaga tu.

## Hatua ya 4: Stesheni, dakika arobaini

Hapa usikimbie. Wengi huisimulia stesheni kwa dakika tano kisha wanashangaa kwa nini watu hawakuona kitu. Wape kazi ya mikono na macho.

Kazi ya kwanza ni kamba. Ukiwa na mhudumu wa stesheni, na mahali atakapowaonyesha yeye tu, mwombe mtu mmoja anyooshe kamba yako ya mita moja kati ya reli mbili, kutoka ubavu wa ndani hadi ubavu wa ndani. Itatosha barabara. Upana huo wa milimita 1,000 ndio ule ule mpaka Mombasa, na ndiyo sababu behewa lililopakiwa bandarini linaweza kufika hapa bila kushusha mzigo. Reli ya kisasa ya Kenya ina milimita 1,435. Mtoto wa miaka kumi ataelewa tofauti hiyo kwa kamba kuliko kwa hotuba.

Kazi ya pili ni herufi. Vyuma vya zamani, mabehewa na vibao hubeba herufi za mwenye mali wa wakati wake. K.U.R. ni Reli ya Kenya na Uganda, kabla ya 1948. E.A.R. & H. ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kuanzia 1948. E.A.R. peke yake inawaleta kwenye shirika la jumuiya lililovunjika mwaka 1977. Baada ya hapo ni U.R.C., Shirika la Reli la Uganda. Mpe kila mtu dakika kumi atafute herufi, halafu muulizane. Ubavuni mwa reli nyingi pia kuna maandishi yaliyotoka na chuma kiwandani, mara nyingi pamoja na mwaka.

Kazi ya tatu ni kuuliza mizigo ilitoka wapi. Waonyeshe kwa mkono. Upande mmoja reli inateremka Port Bell ziwani: hiyo ndiyo njia ya kale, wakati bidhaa zilishushwa Kisumu, zikavuka ziwa kwa meli, zikapanda treni fupi hadi mjini. Upande mwingine inakwenda Jinja, Tororo na Kenya, na iliunganika moja kwa moja mwaka 1931 daraja la Nile lilipokamilika. Magharibi ilikwenda Kasese, ilikofika 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mtu akisimama akielewa mikono hiyo mitatu, anajua kwa nini viwanda viko pale vilipo, na kwa nini nyumba za wafanyakazi wa reli zilijengwa Nsambya, ng'ambo tu ya stesheni.

Kama kuna mzee wa reli kwenye kundi, mwachie nafasi. Wazee hawa waliongea Kiswahili kazini, Mganda na Mluo na Mteso kwa lugha moja, na wana maneno ambayo vijana hawajui tena: mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia), kokoto, gadi. Mwambie aeleze taruma ni nini huku akiligusa.

Tahadhari. Msitembee juu ya reli kutoka hapa kwenda kokote, hata kama mnaona watu wa mtaani wanapita. Ni kosa, na treni za mizigo hazina ratiba utakayoijua. Na usipange siku yako kwa kutegemea treni ya abiria ya kwenda Namanve. Ilirudishwa mwaka 2015 lakini imesimama na kurudi zaidi ya mara moja, kwa hiyo uliza stesheni wiki hiyo hiyo.

Utajua umefanikiwa mtu akianza kukuonyesha herufi ambazo wewe mwenyewe hukuziona.

## Hatua ya 5: Nasser na Nkrumah

Toka stesheni, shika Barabara ya Nasser kisha Nkrumah. Hapa ni mtaa wa wachapaji: kadi za harusi, kalenda, mihuri, mabango. Jumapili mashine nyingi zimenyamaza, harufu ya wino haiondoki.

Kituo kimoja kinatosha, dakika kumi. Waambie wasome vibao vya barabara: Gamal Abdel Nasser wa Misri, Kwame Nkrumah wa Ghana. Mbele mtakutana na Luwum, askofu mkuu aliyeuawa Februari 1977, na Ben Kiwanuka, jaji mkuu aliyechukuliwa kutoka Mahakama Kuu Septemba 1972. Mkitembea kwa vibao tu mmepita miaka ishirini ya nchi hii.

## Hatua ya 6: Kuvuka katikati ya mji

Hapa ndipo makundi hufia. Ukivuka Barabara ya Entebbe unaingia mitaa ya Luwum, William na Ben Kiwanuka, na mbele yake ni Old Taxi Park, kituo kikubwa cha teksi, yaani mabasi madogo. Soma sehemu hii mara mbili.

Kwanza, vukeni kwa mafungu. Usivushe watu kumi na wanane kwa mara moja. Wewe vuka na tisa, simama ng'ambo, geuka uwatazame. Gadi avuke na tisa waliobaki. Akiwa upande wa pili na kitambaa cha kijani kiko juu, ndipo mnaendelea. Boda boda hupita hata pale magari yaliposimama, kwa hiyo tazama pande zote mbili hata kwenye barabara ya upande mmoja.

Pili, simu ndani. Kila mtu, pamoja na wapiga picha. Mabegi yawe mbele kifuani. Picha za mtaa huu zipigwe mahali pamoja tu, mkiwa mmesimama mgongo ukutani, dakika tano, kisha simu zinarudi mfukoni.

Tatu, usiingie Old Taxi Park. Najua inavutia, mamia ya teksi nyeupe zenye mistari ya buluu zimebanana kama samaki kwenye kikapu. Itazameni kutoka juu, kwenye baraza ya jengo mojawapo linaloizunguka, mkiwa mmeomba ruhusa. Mkiingia ndani, makonda watawagawa: huyu Ntinda, huyu Bweyogerere, na wageni wenu watajikuta wamekalishwa kwenye teksi kwa upole mkubwa.

Nne, inueni macho. Hii ndiyo zawadi ya hatua hii, na ndiyo sababu nataka shata zifungwe. Chini ni duka la kisasa lenye kioo, juu ni ukuta wa duka la Kihindi la zamani. Baadhi ya kuta hizo zina mwaka na jina la mwenyewe vimechorwa kwa saruji karibu na paa. Mpe kila mtu kazi ya kutafuta mwaka mmoja. Wakiuliza wenyewe walikwenda wapi, jibu kwa ufupi na kwa heshima: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini kuondoka, na majengo haya yakapita mikono mingi tangu siku hiyo. Kuna familia zilizorudi. Usiisimulie kwa sauti ya kutangaza, mwenye duka anaweza kuwa amesimama nyuma yako.

Hesabu watu kabla ya kuondoka Ben Kiwanuka. Namba ikikosekana, simamisha wote, gadi arudi peke yake mpaka kituo kilichopita. Wewe usiondoke. Ukienda kumtafuta pamoja naye, utapoteza kundi zima.

Utajua umefanikiwa ukifika Barabara ya Namirembe na idadi ile ile uliyoanza nayo stesheni. Ukiweza hapa, umeshaweza siku.

## Hatua ya 7: Kisenyi

Barabara ya Namirembe inapanda kuelekea magharibi. Kushoto bondeni ni Kisenyi, kulia ni mlima wa Old Kampala. Ingieni kushoto na yule kijana wa mwenyekiti akiwa mbele.

Kisenyi ni mtaa wa watu, na watu hao wako kazini. Mashine za kusaga posho, yaani unga wa mahindi, zinanguruma hata Jumapili, vumbi jeupe limetanda kwenye nyusi za wasagaji, mafundi wanagonga chuma chakavu kuwa masufuria na masigiri, yaani majiko ya mkaa. Wasomali wengi wanaishi hapa, na Kiswahili chenu kitawafungulia milango ambayo Kiingereza hakifungui. Salimia kwanza. "Asalaam aleikum" au "habari za kazi" kabla ya swali lolote.

Kamera hapana, mpaka mtu mwenyewe akubali. Usimpige picha mtu akiwa anafanya kazi ngumu ukidhani unamtukuza. Mimi nilisimamisha kupiga picha Kisenyi kabisa, na mazungumzo yakawa marefu mara mbili.

Kunyweni chai hapa. Chai ya maziwa yenye viungo na chapati au anjera katika hoteli ndogo ya Kisomali, watu kumi na wanane wakagawanywa sehemu mbili ili msimjazie mtu mmoja meza zote. Mjulishe mwenye hoteli siku moja kabla. Dakika thelathini, si zaidi, maana tumbo likishiba miguu inagoma.

## Hatua ya 8: Old Kampala

Vuka tena Barabara ya Namirembe, panda polepole. Mwenye miguu mizito zaidi awekwe mbele pamoja nawe, yeye ndiye apime mwendo. Nyumba za zamani zenye baraza na mabati yaliyopigwa kutu zinazunguka mlima, nyingine zimeshabomolewa kupisha maghorofa. Zile zilizobaki zitazameni mkiwa bado mnapumua vizuri.

Juu kabisa ni Msikiti wa Taifa. Wageni hulipa kiingilio, na wanawake hupewa cha kujifunika, ila mitandio yenu ya akiba hupunguza foleni. Vua viatu vyote mahali pamoja na mwachie mtu mmoja avitazame.

Mnara una ngazi zaidi ya 300. Usimlazimishe mtu. Wapandao wagawanye mafungu mawili, gadi apande na fungu la pili. Juu, uwe na mpangilio wa kutazama: Namirembe na kanisa lake kuu, Rubaga, Mengo, Makerere, Kibuli na msikiti wake ng'ambo. Kisha tafuteni mahali stesheni ilipo, mfuate kwa kidole njia yote mliyotembea. Hakuna sehemu nyingine ya siku ambapo watu hunyamaza wenyewe kama hapa.

Ni mlima huu ambao Lugard, kapteni Mwingereza, alipiga kambi Desemba 1890, na ni hapa makumbusho ya Uganda yalipoanzia mwaka 1908 kabla ya kuhama. Jina la mji wote limetoka hapa, mlima wa swala, impala.

## Hatua ya 9: Mengo

Shukeni upande wa Bakuli, vukeni kwa mafungu kama mlivyofanya mjini, kisha mpande kuelekea Mengo. Kama jua limekuwa kali au kuna mtu anachechemea, malizeni msikitini. Si aibu, na kipande hiki kinaweza kusubiri.

Barabara ya Kabakanjagala inanyooka kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi Lubiri, kasri la Kabaka (mfalme wa Buganda), na alama za koo za Buganda zimepangwa kando yake. Mfikishe kila Mganda kwenye alama ya ukoo wake, atasimulia kuliko wewe. Katikati kuna mzunguko wa Nantawetwa: watu wote huuzunguka, Kabaka peke yake hupita moja kwa moja katikati. Nanyi zungukeni.

Mbele ya Bulange hesabuni kwa mara ya mwisho, moja hadi kumi na nane. Waulize wanarudi vipi, mmoja mmoja, na umwandikie gadi jina la kila anayeondoka peke yake. Jioni tuma ujumbe mmoja kwa wote kuuliza kama wamefika. Usilale kabla hujajibiwa na wote.

## Stesheni ya pili: Port Bell, siku nyingine

Wengi hujaribu kubana Port Bell mchana ule ule. Msifanye hivyo, mtafika mmechoka na ziwa mtaliona kama ukuta tu. Tengeni asubuhi yake, kundi dogo zaidi la watu kumi, mkapande teksi za Luzira kutoka mjini.

Idhini ya bandari ni lazima iwe ya maandishi, na gereza la Luzira liko jirani. Kuanzia mnapoingia Luzira mpaka mnapotoka, hakuna kamera isipokuwa pale afisa wa bandari atakapowaonyesha kwa mkono wake.

Kitu cha kutazama ni mahali reli inapoishia majini. Meli za hapa zilijengwa zibebe mabehewa mazima, zina reli juu ya sitaha, na behewa huingia bila kushusha hata gunia. Mwaka 2005 mbili kati yake, Kabalega na Kaawa, ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Mleteni yule mzee wenu wa reli, na ile kamba ya mita moja. Muombeni afisa mnyooshe kamba hiyo kwenye reli ya gatini, karibu na maji, kama mlivyofanya stesheni.